Makoti ya Baridi ya Wabunifu Wakubwa: Lipi Litakubeba, Lipi Utalibeba Wewe

Nguo za msimu wa joto zinaweza kupendeza kwa rangi peke yake. Za baridi haziwezi. Koti zito likikatwa vibaya, rangi nzuri haitaliokoa: litaning'inia mabegani, litabana kwapani, na aliyelivaa atatembea kama mtu aliyebebeshwa mzigo usio wake. Ndiyo maana nikitazama makusanyo ya baridi ya nyumba kubwa za mitindo, macho yangu huanza na koti kabla ya gauni, na swali langu ni moja tu: nguo hii inambeba mwanamke, au mwanamke ndiye anayeibeba?

Hapa nimeyapanga makusanyo yaliyonigusa mawili mawili, ya zamani na ya karibuni, na kila jozi nasema ningechukua lipi na nani angefaa kuchukua lile jingine. Uzamani haunisumbui. Koti la sufu halizeeki haraka, na mengi kati ya haya bado yanapatikana kwa mkono wa pili au yameacha alama kwenye makoti yanayoshonwa leo. Kumbuka pia kwamba makusanyo ya baridi huonyeshwa Februari na Machi, New York kwanza, kisha London, Milan na Paris, na nguo zenyewe huingia madukani miezi kadhaa baadaye. Hisia za kwanza zinapata muda wa kupoa, na muda huo nauthamini. Koti ninaloliwaza hata baada ya miezi mitano ndilo ninaloliamini.

Mkono kifuani, au mikono mfukoni

Februari 2012, jijini Milan, Raf Simons alionyesha mkusanyiko wake wa mwisho katika nyumba ya Jil Sander. Habari za kuondoka kwake zilikuwa zimeshatangazwa, mwanzilishi, Jil Sander mwenyewe, alikuwa anarudi, na kila aliyeketi ukumbini alijua anatazama kwaheri. Wanamitindo walitoka na makoti makubwa ya waridi lililopauka, ya rangi ya maziwa, ya rangi ya ngamia, wakiwa wameyakusanya kifuani kwa mkono mmoja. Kilichoyafunga ni mkono. Mwishoni watu walisimama kumpigia makofi, na Simons akatoka macho yamelowa.

Kila nikiirudia video ya onyesho lile, koo hunikaba. Ishara ile ya mkono kifuani imetoka kwenye picha za mitindo za miaka ya 1950, enzi za wanawake wa glovu ndefu na magari yanayosubiri mlangoni, lakini Simons aliivua majivuno yote. Mwanamke wake anaonekana kama ametoka nje ghafla, amejitupia koti, na hajaamua bado kama anabaki au anaondoka. Kuna upole pale, na kuna hofu kidogo. Ni nadra sana kitambaa kizito kusema mambo mawili kwa wakati mmoja.

Mpinzani wake ninayemweka hapa hakuzaliwa kwenye onyesho la machozi. Ni koti namba 101801 la Max Mara, lililobuniwa mwaka 1981 na Anne-Marie Beretta, Mfaransa, kwa ajili ya nyumba ambayo Achille Maramotti aliianzisha mwaka 1951 katika mji wa Reggio Emilia, Italia. Ni sufu iliyochanganywa na kashmiri, lina safu mbili za vifungo, ni refu na pana, na limeendelea kutengenezwa miaka yote hii. Siri yake iko kwenye mikono. Imekatwa kwa mtindo wa kimono, yaani mkono na mwili vinaendelea bila mshono wa kukuamulia bega lako liishie wapi. Mwenye mabega mapana na mwenye mabega membamba wote wanaingia. Ukiwa na sweta nene ndani, linakubali. Ukiwa na blauzi nyepesi, linakubali vilevile. Mwili ukibadilika kwa uzazi au kwa umri, koti halilalamiki.

Kwa macho, nampa Simons. Kwa maisha, nachukua 101801 bila kusita, na sababu ni ule mkono. Mwanamke aliyelishikilia koti lake kifuani hana mkono wa mwavuli, wa mtoto, wala wa simu. Koti la Jil Sander la msimu ule linamfaa anayetoka mlango hadi mlango: harusi ya jioni, chakula cha usiku, ofisi yenye maegesho chini ya jengo. Ukilipata la mkono wa pili, fundi anaweza kukuwekea kishikizo cha siri kwa ndani, ila ujue kwamba koti lililokatwa liachwe wazi huvutika kifuani likifungwa, na ule mwanguko ulioulipia unapotea. Mimi ningeliacha lilivyo na kulivaa siku chache.

Ukinunua 101801 la zamani, usiangalie vifungo kwanza. Geuza ndani, tazama bitana kwenye makwapa, kisha pitisha kidole kwenye ncha za mikono na ukingo wa mifuko, kwa sababu kashmiri huchubuka mapema palipo na msuguano. Na jaribu saizi ndogo kuliko unayovaa kawaida. Upana wake ni wa makusudi, huna haja ya kuuongeza.

Siwezi kuuacha msimu ule bila kumtaja Rei Kawakubo, mbunifu wa nyumba ya Comme des Garçons. Wiki moja tu au zaidi kidogo baada ya Simons kuaga Milan, Comme des Garçons walionyesha Paris makoti na magauni bapa kabisa, mbele na nyuma kama karatasi mbili zilizounganishwa pembeni, kwa kitambaa cha felti na rangi za kupiga kelele. Kwa mbele ni ukuta, kwa upande hayaonekani. Nilifurahi mno kuyaona. Simshauri mtu kuyavaa kwenda kazini, lakini yalinifundisha kulitazama koti lolote kutoka ubavuni, na tangu hapo sijanunua koti bila kugeuka pembeni mbele ya kioo.

Mfarishi wenye mikono, na jaketi lililoteleza mabegani

Makoti ya kujazwa manyoya ya ndege tunayahusisha na wapanda milima, lakini wabunifu waliyaona mapema. Charles James alishona jaketi la satini nyeupe lililojazwa manyoya laini ya bata mwaka 1937, nono kama mawingu, na leo liko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London. Baada yake wengi walijaribu. Wawili ndio wanaonifanya nisimame.

Martin Margiela, kwa baridi ya 1999, alichukua mfarishi wa kitandani akaupa mikono. Basi. Mikono yenyewe inatoka ukitaka. Ukilivaa, unatembea na kitanda chako, na sura yake haijaribu kuficha asili yake hata kidogo. Demna naye, katika mkusanyiko wake wa kwanza Balenciaga, Machi 2016, alichukua jaketi la kawaida la kuteleza kwenye theluji, akalikata upya ili kola ianguke nyuma na mabega yabaki nje hata zipu ikiwa imefungwa. Mwanamke anaonekana kama ameshushiwa shali ya dansi, kumbe ni jaketi la baridi.

Kinachofanya wazo la Demna liwe na uzito ni kwamba halikutoka hewani. Cristóbal Balenciaga mwenyewe, miaka ya 1950, aliziondoa kola shingoni zikasimama mbali na ngozi, ili shingo ya mwanamke ipumue na ionekane ndefu. Demna aliiheshimu kanuni hiyo kwa kitambaa ambacho mwanzilishi hakukitumia. Mara ya kwanza kuona picha zile nilisema kwa sauti, "Amemwelewa mzee."

Lakini onyesho lile lilikuwa na jeraha. Hakukuwa na mwanamitindo mweusi hata mmoja, na wengi walilalamika wakati ule, kwa haki. Nguo zilinivutia na jukwaa likaniambia sikufikiriwa. Hisia hizo mbili zimebaki pamoja kwangu, na sioni kwa nini nizitenganishe ninapomshauri mtu mwingine.

Tukija kwenye kuchagua, tuzungumze joto. Manyoya hayatoi joto. Yanashikilia hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayouzuia ubaridi. Kila mshono unaobana manyoya ni mahali ambapo hewa imekandamizwa na baridi inapenya. Na hewa ya joto hupanda, hivyo inatokea shingoni kwanza. Jaketi la Balenciaga, likivaliwa lilivyobuniwa, limefungua mlango mahali penyewe. Koti la Margiela, pana na lenye manyoya yaliyoachwa yavimbe, linakufunika kweli. Kwa joto, hakuna shindano.

Ila yote mawili yana adui mmoja: mvua. Manyoya yakilowa hushikana mabonge, hewa inatoka, na umebaki na mfuko mzito wa maji. Sufu ni tofauti, inaweza kunywa unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujauhisi mwilini. Kwa hiyo unayeishi kwenye baridi kavu ya theluji, chukua manyoya. Unayeishi kwenye baridi ya mvua na upepo, rudi kwenye sufu hata kama moyo umeshikwa na Margiela. Balenciaga ya 2016 mwachie yule anayevaa kwa ajili ya picha, au mwenye shali nzuri ya kujaza ile shingo. Na hilo la shali si fidia ya kulazimisha, linapendeza.

Misiba miwili

Jozi hii ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote.

Machi 2006, Paris, Alexander McQueen alionyesha Wajane wa Culloden. Culloden ni uwanja wa vita huko Uskoti ambako mwaka 1746 jeshi la waasi wa Kijakobi, waliotaka kuurudisha ukoo wa Stuart kwenye kiti cha enzi, lilivunjwa na majeshi ya serikali, na McQueen, ambaye ukoo wa baba yake ulitoka huko, aliwaza wake walioachwa. Akatumia tatani ya ukoo wake, yaani sufu ya miraba ya Kiskoti, nyekundu, nyeusi na manjano, akaichanganya na lesi, mahameli na manyoya ya ndege. Kuna gauni zima la manyoya ya kwale wa Ulaya. Kuna gauni la lesi lenye pembe za kulungu kichwani, na shela ya lesi imetundikwa juu ya pembe. Mwishoni taa zikazimwa, ndani ya piramidi ya kioo ikatokea taswira ya mwanamitindo Kate Moss ya mwanga mtupu, akielea na kuyeyuka ndani ya vitambaa vyeupe.

Machi 5, 2019, Paris tena, ndani ya jumba la maonyesho la Grand Palais, Chanel walijenga kijiji cha milimani chenye nyumba za mbao na theluji. Karl Lagerfeld, aliyeiongoza nyumba hiyo tangu 1983, alikuwa amefariki siku 14 kabla. Kulikuwa na dakika moja ya kimya. Kisha wakatoka wanawake wenye makoti marefu ya twidi, kitambaa cha sufu cha nyuzi nene, suruali pana na kofia, wakishuka polepole kati ya nyumba, na mwigizaji Penélope Cruz miongoni mwao, mwenye mavazi meupe na ua jeupe mkononi. Wengine walilia wakitembea.

McQueen aliniogopesha na kuniinua. Mkusanyiko ule unaichukulia huzuni kama jambo lenye cheo, lenye kiuno kilichokazwa na kichwa kilichoinuliwa. Mjane wake hajakunja mgongo. Nimeona watu wakimwita mbunifu wa mambo ya kutisha tu, na siwakubalii: tazama jinsi miraba ya tatani inavyokutana sawasawa kwenye mishono ya koti, kitu ambacho fundi yeyote atakuambia kinakula kitambaa na subira. Mtu anayechokoza tu hajisumbui na hilo.

Chanel walinifanyia jambo la kinyume. Hapakuwa na tamthilia. Nguo zilikuwa pana, za joto, za mtu anayejua kwamba kesho asubuhi atalazimika kuamka na kutoka nje. Nikiwa na msiba wangu mwenyewe mwaka mmoja baadaye, picha nilizorudia zilikuwa zile za makoti ya twidi. Sikuweza kumtazama McQueen wakati ule. Alikuwa anasema kweli kupita nilivyoweza kubeba.

Sasa kwa anayechagua cha kuvaa. Majaketi ya McQueen ya msimu ule yamebana kiunoni na kupanuka nyongani. Ndani yake hakuna nafasi ya sweta, na ukila vizuri utajua. Yanataka mwili uliosimama. Twidi ya Chanel ni laini na nyepesi kuliko inavyoonekana, na kwa sababu hiyo haina mwanguko wake yenyewe, ndiyo maana nyumba hiyo hushona mnyororo mwembamba ndani ya pindo la jaketi ili uzito wake uishushe nguo ikae sawa. Ukitaka kujua kama jaketi la Chanel la mkono wa pili limechezewa, geuza pindo utafute mnyororo. Udhaifu wa twidi ni upepo: ufumaji wake wazi unaupitisha, hivyo inahitaji kitu cha ndani kilichofumwa kwa kubana.

Ningechukua Chanel. Kama una nafasi ya kununua kipande kimoja cha kukaa nacho maisha yote bila kujali utakivaa mara ngapi, basi koti la tatani la McQueen, na ulitundike mahali unapoweza kuliona.

Manyoya ya wanyama, kwa kifupi

Hapa nina msimamo na sitauzungusha. Gucci walitangaza kuacha manyoya ya wanyama mwaka 2017, Chanel 2018, Prada 2019, na mitindo ya baridi haikufa. Chanel hao hao, katika onyesho la baridi la mwaka 2010, walileta barafu halisi ndani ya Grand Palais na kuwavika wanamitindo manyoya bandia kuanzia kichwani hadi buti. Nilivutiwa na uthubutu, ila manyoya bandia mengi ni plastiki ya akriliki au poliesta: yanatoa jasho, na yakichakaa yanashikana vijibonge. Ninachokipendelea ni njia ya tatu, koti la dubu la Max Mara la mwaka 2013, ambalo wingi wake unatokana na manyoya ya ngamia yaliyofumwa kwenye kitambaa cha msingi. Mnyama hauawi kwa ajili yake. Kasoro yake ni ukubwa. Mwanamke mfupi aliambie duka limpe toleo fupi, la sivyo litamtembeza.

Utulivu wa The Row, na mgongo wa Prada

Mwaka 2024 uliniletea makusanyo mawili ya baridi yaliyonichanganya kwa namna tofauti. The Row, nyumba ya Mary-Kate na Ashley Olsen iliyoanza mwaka 2006, waliwaomba wageni wao wa Paris wasipige picha wala video, wakawapa daftari na kalamu. Wengi walikasirika. Mimi nililipenda jambo hilo kabla sijaziona nguo, kwa sababu makoti yao hayafanyi kazi kwenye picha. Thamani yake iko kwenye uzito wa kitambaa mkononi na jinsi bega linavyolala, na simu haioni hivyo. Tatizo ni bei inayowafungia nje wengi, na utulivu ule unaweza kuigwa na duka la kawaida hata macho mengi yasione tofauti. Kama utalipa, lipa kwa sababu umeligusa.

Prada, huko Milan mwezi huohuo wa Februari, Miuccia Prada na Raf Simons wakiwa pamoja, walitembeza wanamitindo juu ya sakafu ya kioo iliyofunika nyasi na maji yanayotiririka. Sketi ndizo zilizonishika. Mbele ni kitambaa kizito cha suti, kimenyooka, cha mtu anayeingia kwenye kikao. Mwanamke akigeuka, nyuma ni hariri nyepesi kama shimizi. Nilicheka kwa furaha. Wanawake wangapi wanaishi hivyo hasa, mbele wamejikaza na nyuma wamebaki na kitu chepesi cha kwao wenyewe? Hakuna nguo ya msimu ule iliyonizungumzia kwa ukaribu kama ile.

Lakini ni sketi ya baridi isiyo na mgongo, na upepo wa Januari hautajali wazo zuri. Anayetaka nguo moja ya kuvaa kila siku achukue The Row, au mfano wake wa karibu kwa sufu halisi. Mimi nachukua sketi ya Prada. Nikiwa nje nitaifunika kwa koti refu la sufu linaloshuka chini ya magoti, na soksi nene ndani. Nikishaingia penye joto nalivua, na yeyote aliye nyuma yangu ataiona hariri.